Carl Auer von Welsbach, Baba wa Mwanga wa Karabai

Ni nani kati yetu asiyeijua karabai? Kabla umeme haujafika kijijini kwetu, matanga au harusi bila karabai ilikuwa giza tupu. Ndani ya taa hiyo hufungwa kifuko kidogo cheupe cha uzi. Kikiwashwa mara ya kwanza uzi wote huungua, lakini kifuko hakipotei. Hubaki kama jivu jeupe lenye umbo lile lile, nalo huwaka mwanga wa kuumiza macho. Ukiligusa na njiti ya kiberiti tu, kwisha! Ndiyo maana Nyanya hakuturuhusu watoto kuikaribia.

Aliyebuni kifuko hicho ni Carl Auer, aliyezaliwa mjini Vienna, Austria, tarehe 1 Septemba 1858. Babake, Alois Auer, aliongoza kiwanda cha serikali cha kupiga chapa, akafariki Carl angali mtoto. Mnamo 1880 Carl alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusomea kemia kwa Robert Bunsen, yule yule ambaye jina lake tunalitaja kila tukiwasha kichomeo maabarani. Alihitimu udaktari 1882, akarudi Vienna. Mnamo 1885 alionyesha kwamba didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja, kumbe ni mbili: praseodimiamu na neodimiamu.

Katika kazi hiyo alizoea kuchoma chumvi za madini adimu ili atazame rangi za mwanga wake. Mwanga ulikuwa hafifu. Basi akachovya nyuzi za pamba katika maji ya chumvi hizo, kisha akazitia motoni. Pamba iliungua, ikabaki oksidi yenye umbo la uzi, iking'aa ajabu.

Hebu tutue hapo kidogo. Oksidi hizi ni za jamii ya kauri, hustahimili moto mkali. Lakini haziyeyuki majini, kwa hivyo uzi hauwezi kuzinywa. Nitrati nazo huyeyuka vizuri, zikapenya hadi ndani ya pamba. Tena ukiyeyusha nitrati mbili pamoja, huchanganyika sawasawa kuliko unga mkavu. Zikipata moto huvunjika, zikatoa ile gesi ya kahawia tuionayo tukichoma nitrati ya risasi, na oksidi ikabaki. Salfeti ni sugu zaidi, hutaka joto kubwa kabla ya kuvunjika. Yaani oksidi yaweza kuwa ile ile, lakini chumvi uliyoanza nayo ndiyo huamua kazi itakuwaje.

Auer alipata hataza ya kifuko chake 1885, na 1887 akanunua kiwanda Atzgersdorf, karibu na Vienna. Vifuko hivyo vya kwanza vilikuwa vya oksidi za magnesi, lanthanamu na itriamu. Mwanga wake ulikuwa na ukijani, watu hawakuupenda, na tena vilivunjika upesi. Biashara ilidorora, na mwaka wa 1889 kiwanda kikafungwa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Auer alirudi maabarani.

Safari hii alishika thoriamu. Nitrati yake ilitoa mwanga mzuri, naye akaona akiisafisha zaidi mwanga utazidi. Wapi! Kadiri alivyoisafisha ndivyo mwanga ulivyofifia. Mwingine angekata tamaa. Yeye aliugeukia ule uchafu alioutoa, akauchunguza, akagundua kuwa ndani yake mna seriamu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta mwanga. Akairudisha kwa kipimo: oksidi ya thoriamu sehemu 99, ya seriamu sehemu 1. Ukipunguza seriamu mwanga hufifia, ukiizidisha pia hufifia. Hiyo ilikuwa 1891, na mnamo Novemba mwaka huo mwanga mpya ulionyeshwa hadharani mbele ya mkahawa mmoja mjini Vienna. Vifuko vikaenea duniani, kwanza katika taa za gesi za mijini, baadaye katika taa za mafuta ya taa kama karabai yetu.

Hakukoma hapo. Mnamo 1898 alitengeneza taa ya umeme yenye waya wa osmiamu. Mwaka wa 1901 mfalme wa Austria alimpa cheo cha ubwana. Mnamo 1903 alipata hataza ya jiwe la kutolea cheche, la seriamu na chuma, ambalo hadi leo limo katika viberiti vya gesi. Alifariki Agosti 1929 akiwa na umri wa miaka 70. Siku hizi watengenezaji wengi wa vifuko wameacha thoriamu kwa sababu hutoa mionzi ya nyuklia, wakatumia itriamu.

Wenzangu, wako kati yetu walioambiwa hawafai sayansi kwa ajili ya alama za mtihani mmoja. Auer alifungiwa kiwanda kizima, na miaka miwili baadaye akapata jibu katika uchafu aliokuwa akiutupa. Ukirudishiwa karatasi yenye makosa mekundu, usiichane. Itazame tena polepole, pengine seriamu yako imo humo.