Mdaiwa Ambaye Hakukimbia

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Wafalme 4:1-7, Zaburi 37:21, Mithali 22:7, Warumi 13:8.

Wengi wetu tulisikia habari za Abraham Lincoln tukiwa shuleni. Tunamjua kama rais wa 16 wa Marekani, aliyetoa tangazo la uhuru wa watumwa mwaka 1863 na kuuawa kwa risasi mwaka 1865. Wachache wanajua kwamba kabla hajatimiza miaka 26 alikuwa mtu aliyefilisika. Hata kama angeuza kila alichokuwa nacho, asingeweza kulipa nusu ya deni lake. Lincoln hakuwahi kuwa mshiriki wa kanisa lolote, na hatumweki mbele yenu kama mtakatifu. Lakini katika jambo hili moja la deni, maisha yake yanaweza kutufundisha sisi tunaoketi katika Shule ya Sabato kila juma.

Jinsi deni lilivyoingia

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Mama yake alifariki mwaka 1818, mtoto akiwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa mkulima na seremala, na kwa jumla Lincoln hakusoma darasani hata mwaka mmoja mzima. Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, alifika New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon katika jimbo la Illinois. Hakuwa na mali wala ndugu pale. Aliajiriwa kuuza duka, na duka hilo likafa mwaka uliofuata.

Kisha ikaja nafasi iliyoonekana kama baraka. Ndugu wawili waliokuwa na duka kijijini walitaka kuondoka. Kijana mmoja aitwaye William Berry, mtoto wa mchungaji, alinunua sehemu ya ndugu wa kwanza, na Lincoln akanunua sehemu ya wa pili. Lincoln hakutoa fedha taslimu. Aliandika hati ya kuahidi kulipa, akatia sahihi, akawa mwenye duka. Mapema mwaka 1833 wabia hao wawili walichukua bidhaa za duka jingine lililokuwa limefungwa, kwa hati nyingine za ahadi. Duka lilijaa vitu, na vitu vyote vilikuwa vya watu wengine.

Je, ndugu msomaji, jambo hili ni geni kwetu? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kuchukua mkopo huwa na furaha. Sahihi moja, au siku hizi kubonyeza simu mara mbili tatu, na fedha imeingia. Hakuna anayelia siku hiyo.

Duka halikwenda vizuri. Kijiji kilikuwa kidogo na wateja walikuwa wachache. Berry alipenda kileo, na mwezi Machi 1833 ilichukuliwa leseni ya kuuza pombe pale dukani. Lincoln mwenyewe hakuwa mnywaji, lakini naye alikuwa na kosa lake: alipenda kusoma vitabu na kupiga hadithi na wateja kuliko kufuatilia hesabu. Mmoja alikunywa, mwingine alisoma, na hakuna aliyelinda faida. Mwishowe waliuza duka kwa ndugu wengine wawili, nao pia wakatoa hati ya ahadi. Kabla siku ya kulipa haijafika, wanunuzi hao walitoroka.

Mwezi Januari 1835 Berry alifariki, na mali aliyoacha haikutosha kulipa sehemu yake. Kwa kuwa walikuwa wabia, deni lote liliangukia bega la aliyebaki hai. Jumla ilikuwa kama dola 1,100. Kwa kijana wa kijijini wakati ule, hizo zilikuwa fedha za kutisha. Lincoln mwenyewe alilitania deni hilo kwa kuliita deni la taifa. Lakini mzaha huo haukumpunguzia hata senti moja.

Njia mbili

Mbele yake kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Magharibi kulikuwa na nchi pana isiyo na mtu anayemjua, na watu wengi wa maeneo yale walihama usiku madeni yalipowazidi. Wale walionunua duka lake walikuwa wamefanya hivyo. Hakuna ambaye angeshangaa kama naye angefanya vilevile.

Alichagua njia ya pili. Inasimuliwa kwamba alikwenda mwenyewe kwa wadai wake, akawaambia wazi kwamba hawezi kulipa kwa sasa. Akawaomba wampe nafasi ya kufanya kazi, naye angewapa chochote kitakachobaki baada ya kupata riziki, kwa kadiri atakavyokipata. Wengi wao wakakubali.

Tukae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Siku ile Lincoln hakulipa hata senti. Hakuwa nayo. Alichokitoa kilikuwa ukweli: deni ni hili, ni langu, sijalikana, nami nipo. Wengi wetu tunadhani kulipa deni kunaanza siku fedha inapopatikana. Kwa hiyo tunangoja. Na wakati tunangoja, tunazima simu, tunapita njia ya nyuma, tunamwambia mtoto aseme baba hayupo. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana mwenye familia changa, nilizunguka njia ndefu kwa miezi kadhaa ili nisipite mbele ya duka nililokuwa nikidaiwa. Mzigo wa kujificha ulikuwa mzito kuliko deni lenyewe. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dozi ya kwanza ni kumtazama mdai usoni.

Miaka ya kulipa

Lincoln alifanya kazi yoyote iliyopatikana. Tangu mwaka 1833 alikuwa msimamizi wa posta pale New Salem, kazi yenye malipo madogo. Alipasua magogo ya uzio na kusaidia mashambani. Alijifunza upimaji wa ardhi kwa vitabu, akawa msaidizi wa mpima ardhi wa wilaya. Mwaka 1834 alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Usiku alisoma sheria kwa vitabu vya kuazima.

Si wadai wote waliosubiri. Mmoja alikwenda mahakamani, na hukumu ikatoka. Farasi wa Lincoln, tandiko, hatamu na vyombo vyake vya kupimia ardhi vilipigwa mnada. Yaani vitu vilivyompa mkate na vilivyokuwa vimsaidie kulipa ndivyo vilivyochukuliwa. Siku ya mnada alikuwapo mkulima mmoja rafiki yake, James Short, ambaye watu walimwita Mjomba Jimmy. Alinunua vyombo vile kwa dola 120, kisha akamrudishia Lincoln vyote. Lincoln alimlipa baadaye. Miaka mingi ilipopita, Short alipoishiwa huko California, rais wa Marekani alimkumbuka na kumpa kazi ya serikali.

Tusilipite jambo hili haraka. Short hakulipa deni la Lincoln, wala hakumpa fedha mkononi. Alimrudishia vyombo vya kazi. Katika makanisa yetu kuna fundi aliyeweka cherehani yake rehani, na dereva ambaye pikipiki yake imechukuliwa. Pengine Bwana anamtafuta Mjomba Jimmy katika kundi lenu la Shule ya Sabato.

Mwezi Aprili 1837 Lincoln alihamia Springfield kuanza kazi ya uwakili. Alifika kwa farasi wa kuazima, na mali yake yote ilikuwa ndani ya mifuko miwili ya tandiko. Aliingia katika duka la Joshua Speed kuuliza bei ya godoro, mito na mashuka. Jumla ilikuwa dola 17. Hakuwa nazo. Aliomba akopeshwe hadi Krismasi, lakini papo hapo akakiri kwamba kama uwakili ungemshinda, huenda asingeweza kulipa kamwe. Ni mkopaji gani anayesema hivyo mbele ya mwenye duka? Speed aliguswa, akamwambia juu ya duka kuna chumba chenye kitanda kikubwa, wanaweza kukitumia pamoja bila gharama. Lincoln akapandisha mifuko yake, akashuka akitabasamu. Kwa kusema ukweli aliepuka deni jipya na kupata rafiki wa maisha.

Kuna kisa kingine cha miaka ile. Posta ya New Salem ilipofungwa, Lincoln alibaki na fedha kidogo za serikali ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Baada ya muda, afisa wa posta alifika Springfield kuzidai. Rafiki aliyekuwapo alijua hali ya Lincoln, akawa tayari kumkopesha. Lakini Lincoln alikwenda chumbani, akarudi na fedha hizo, akahesabu. Zilikuwa kamili, sarafu zile zile alizopokea kwa watu. Wakati wote huo alikuwa mhitaji, na wadai walikuwa mlangoni, lakini fedha isiyo yake hakuigusa. Ndugu, mkononi mwetu pia hupita fedha isiyo yetu: zaka ya Bwana, sadaka aliyokabidhiwa mhazini, michango ya kikundi cha kuweka na kukopa. Shida ya deni haigeuzi fedha hiyo kuwa yetu.

Mwaka 1842 alimwoa Mary Todd, binti aliyelelewa katika nyumba yenye nafasi. Walianza maisha katika chumba cha kupanga kwa dola 4 kwa juma, chakula kikiwamo. Deni la New Salem lilikuwa bado halijaisha. Mwanasheria mwenzake alisimulia kwamba hata Lincoln alipokuwa mbunge huko Washington, kati ya mwaka 1847 na 1849, alituma sehemu ya mshahara nyumbani kumaliza kilichobaki. Hesabu tangu duka lilipofungwa: zaidi ya miaka kumi. Jina la Abe Mwaminifu lililomfuata hadi ikulu lilikua katika miaka hiyo ya malipo madogo madogo.

Alivyomsaidia mdaiwa mwingine

Ndugu yake wa kambo, John Johnston, alimwomba dola 80. Lincoln wakati huo angeweza kumpa. Badala yake alimwandikia barua ya upole lakini ya kweli. Alimweleza kwamba amewahi kumsaidia, na kila mara shida ilirudi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kupoteza muda bila kufanya kazi. Kisha akampa ahadi: aende akafanye kazi kwa mtu yeyote atakayemlipa vizuri, na kwa kila dola atakayoipata, au kuitumia kupunguza deni lake, Lincoln ataongeza dola nyingine. Hivyo Johnston angetoka katika deni na pia angepata tabia itakayomzuia asirudi humo. Mtu aliyepita njia hiyo ndiye anayejua kwamba fedha peke yake haiponyi.

Hata hivyo, nyumba ya Lincoln mwenyewe haikupona kabisa. Wakiwa ikulu, mkewe Mary, aliyekuwa na huzuni nyingi hasa baada ya kufiwa na mtoto wao Willie mwaka 1862, alikopa sana kwa nguo na mapambo, na kwa sehemu kubwa alimficha mumewe. Baada ya mume kuuawa, wadai walijitokeza. Mwaka 1867 mjane huyo alikwenda New York kujaribu kuuza nguo zake. Tusimhukumu, tujifunze. Deni la dola 1,100 lililowekwa wazi lilimjenga mtu. Deni lililofichwa ndani ya ndoa lilimwaibisha mjane. Mume na mke, ketini leo jioni mkaambiane yote.

Neno la mwisho

Mjane wa 2 Wafalme 4 hakumficha Elisha kwamba mdai amekuja. Nabii alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Mafuta yalipoongezeka, utaratibu ulikuwa huu: uza, lipa deni, kisha ishi wewe na wanao kwa kitakachobaki. Mungu alifanya muujiza, lakini deni bado lililipwa.

Juma hili chukua karatasi. Andika jina la kila unayedaiwa naye na kiasi chake, hata deni dogo la mangi uliyesahau. Liombee. Kisha nenda kwa mmoja, mwambie ukweli, na umpe ulicho nacho, hata kama ni kidogo. Usikope kwingine ili kumlipa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kumwendea mdai kabla ya kuwa na fedha? Zaburi 37:21 inamwitaje asiyelipa?

2. Mithali 22:7 inasema nini juu ya uhuru wa mkopaji? Umeonaje jambo hilo katika maisha yako?

3. Kundi lenu linaweza kumrudishia nani vyombo vyake vya kazi robo hii? Litafanyaje bila kumwaibisha?

4. Linganisha Lincoln na fedha za posta na jinsi tunavyotunza zaka tunapokuwa na madeni.