Thomas More na bustani ya Chelsea

Thomas More alizaliwa mjini London, katika nchi ya Uingereza, mwaka 1478. Baba yake alikuwa mwanasheria. Thomas alipokuwa bado mtoto, alipelekwa kutumika nyumbani kwa Kardinali Morton, Askofu Mkuu wa Canterbury. Alihudumu mezani, akasikiliza mazungumzo ya wakubwa. Kardinali aliiona akili yake, akampeleka kusoma Oxford. Baadaye alijifunza sheria mjini London.

Katika ujana wake alikaa muda mrefu karibu na wamonaki Wakartusi. Alisali pamoja nao, akajiuliza kama Mungu alimwita kuwa mmonaki. Mwishoni alichagua ndoa. Mke wake Jane alimzalia watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Jane alikufa mwaka 1511, na Thomas akaoa mjane, jina lake Alice. Siku zile wengi walidhani kwamba elimu si kitu cha wasichana. Thomas hakukubali. Binti zake walijifunza Kilatini na Kigiriki sawasawa na ndugu yao, na Margaret aliwapita wanaume wengi kwa elimu.

Mwaka 1515 mfalme Henry wa Nane alimtuma Flanders, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, kwa mapatano ya biashara. Huko alianza kuandika kitabu chake Utopia, kilichopigwa chapa Louvain mwaka 1516. Ni habari za kisiwa ambacho hakipo popote. Watu wa kisiwa hicho hufanya kazi saa sita tu kwa siku, wala hakuna maskini kati yao. Nyuma ya nyumba zao kuna bustani za mizabibu, matunda na maua, na mitaa hushindana kwa uzuri wa bustani. Ni wazi kwamba aliyeandika hayo alipenda bustani yeye mwenyewe.

Naam, aliipata ya kwake. Katika miaka ya 1520 alijenga nyumba Chelsea, kijiji cha wakati ule kando ya mto Thames. Bustani ilishuka mpaka mtoni, na miti ya matunda ilikuwa mingi. Alifuga ndege na wanyama wa namna nyingi, hata kima. Rafiki yake Erasmus, mwandishi mashuhuri wa Uholanzi, alisimulia jinsi kima huyo alivyowaokoa sungura kwa kuziba mwanya ambao kicheche alitaka kuupitia.

Mfalme alimpenda Thomas. Siku moja alifika Chelsea bila kutoa habari, wakatembea bustanini saa nzima, mkono wa mfalme ukiwa shingoni mwa Thomas. William Roper, mume wa Margaret, alifurahi mno. Lakini Thomas alimwambia kwamba, kama kichwa chake kingeweza kumpatia mfalme ngome moja katika Ufaransa, kingekatwa bila shaka.

Mwaka 1529 Thomas akawa Kansela, mkubwa wa waamuzi wote. Hata hivyo, kila asubuhi barazani alimpigia magoti baba yake mzee, jaji wa chini yake, kuomba baraka. Kwa wafuasi wa Luther alikuwa mkali: katika ukansela wake watu sita walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Sheria ya siku zile iliruhusu, lakini ni jambo la kuhuzunisha.

Henry alitaka kumwacha malkia Catherine na kumwoa Anne Boleyn. Papa hakumpa ruhusa. Basi mfalme akajifanya mkuu wa Eklezia katika Uingereza. Mwaka 1532 Thomas alirudisha cheo chake, akakaa nyumbani, akiwa na mali kidogo.

Mwaka 1534 wakubwa waliamriwa kuapa kiapo kilichokana mamlaka ya Papa. Thomas aliitwa tarehe 13 Aprili. Alikwenda kanisani kwanza, akaungama. Siku zote mke na watoto walimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi, akawabusu. Siku hiyo alivuta mlango wa bustani nyuma yake, akaufunga, wala hakumruhusu hata mmoja wao kumfuata.

Hakuapa, akafungwa katika Mnara wa London. Alice alimtembelea, akashangaa kumwona akikaa na panya, naye ana nyumba nzuri, vitabu vyake na bustani yake Chelsea. Neno moja tu lingemrudisha kwao. Thomas alimwuliza kama nyumba hii ya gereza haikuwa karibu na mbingu sawa na ile yao. Baadaye walimnyang'anya hata vitabu.

Tarehe 6 Julai 1535 alipelekwa kukatwa kichwa. Ngazi ilitikisika. Kwa mzaha alimwomba mkubwa wa gereza amsaidie kupanda tu, maana kushuka angejitegemea mwenyewe. Kichwa chake kilitundikwa juu ya daraja la London karibu mwezi mzima, mpaka Margaret alipokichukua na kukitunza.

Papa Pio wa Kumi na Moja alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, pamoja na askofu John Fisher, aliyeuawa siku chache kabla yake kwa sababu ile ile.