Gerald Durrell na nyama wa Madagaska

Safari hii tumechagua maisha ya mtu ambaye hakupata diploma hata moja ya shule. Walimu wasikasirike, tutaeleza.

Gerald Durrell alizaliwa tarehe 7 Januari 1925 kule Jamshedpur, Uhindi, wazazi wake wakiwa Waingereza. Baba, aliyekuwa injinia, alikufa mwaka 1928. Mama akarudi Uingereza na watoto, na mwaka 1935 wakahamia kisiwa cha Corfu, Ugriki. Kule kijana hakujua kengele wala mistari ya asubuhi kama sisi. Alifundishwa nyumbani, na daktari mmoja, Theodore Stephanides, alimzoeza kutazama wadudu kwa uvumilivu. Alijaza nyumba nge na nyoka, mama akavumilia tu. Kwa hiyo diploma hapana, lakini kusoma alisoma, tena sana.

Mwaka 1945 alipata kazi ya kulisha nyama katika bustani ya Whipsnade, Uingereza. Kiisha, mwaka 1947, akachukua urithi wa baba yake na kwenda Kameruni kukamata nyama wa pori awauzie zoo za Ulaya. Tuseme ukweli: mwanzo alikuwa mkamataji kama wengine. Lakini aliona jambo moja likamsumbua. Zoo nyingi zilitaka nyama wa kuonyesha watu basi; akifa huyu, wananunua mwingine. Na kule porini wanazidi kupungua.

Feza za urithi ziliisha. Kaka yake Lawrence, mwandishi, akamshauri aandike vitabu, na kile cha mwaka 1956 juu ya maisha ya Corfu kilichekesha watu wa inchi nyingi. Kwa feza za vitabu, na madeni juu yake, alifungua zoo yake mwenyewe mwezi wa Machi 1959, katika Jersey, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa. Mwaka 1963 akaanzisha shirika, alama yake ikiwa dodo, yule ndege wa Mauritius aliyekwisha kabisa duniani katika miaka ya 1600.

Wazo lake: nyama walio karibu kwisha watunzwe vizuri, wazae, na watoto warudishwe kwao. Katika kalasi yetu tulibishana sana juu ya neno hili. Wamoja walisema zoo ni gereza tu, hata ukipamba. Sisi tunaona ni kama hospitali: hakuna anayependa kulala kule, lakini kuna siku inabidi. Durrell mwenyewe alitaka ifike siku ambapo zoo yake haitahitajiwa tena.

Tufike Madagaska. Kule wanaishi lemuri, ndugu wa mbali wa komba wetu wa usiku, na kwa asili hawapatikani porini mahali pengine. Misitu inakatwa na kuchomwa. Mke wake wa pili, Lee, aliwahi kufanya utafiti kule juu ya milio ya nyama. Mwaka 1983 serikali ya Madagaska ilifanya mapatano na shirika lake, na mwaka 1990 Durrell akaenda, mzee wa miaka 65, miguu ikimuuma. Alitafuta bandro, lemuri wa matete ya ziwa Alaotra peke yake, ambako watu wanachoma matete na kulima mpunga. Na alitafuta aye-aye.

Huyu aye-aye ni kitu cha kushangaza kweli. Meno yake yanaota bila kuacha kama ya panya, na kidole chake cha katikati ni chembamba kama waya. Usiku anagongagonga mti, anasikiliza funza yuko wapi ndani, anatoboa kwa meno, anamvuta kwa kile kidole. Watu wengi wa kule wanasema ukimwona kuna kifo, basi wanamwua. Tusiwacheke, maana kwetu bundi akilia juu ya nyumba wengi hawalali!

Jersey waligeuza mchana kuwa usiku kwa taa, ili aye-aye aamke wakati watunzaji wako kazini, na mwaka 1992 mtoto wa aye-aye alizaliwa pale. Tena hawakuficha ujuzi wao. Tangu mwaka 1977, alipofika mwanafunzi wa kwanza kutoka Mauritius, watu wa inchi nyingi wamekwenda kujifunza kulisha, kutibu na kuandika habari za nyama, kiisha wakarudi kufanya kazi kwao.

Hakuwa malaika. Alipenda pombe kali, na pombe iliharibu ini lake. Mwaka 1994 waganga walimpa ini lingine, lakini hakupona. Alikufa tarehe 30 Januari 1995. Majivu yake yalizikwa pale pale katika bustani yake. Lee aliendelea na kazi, na bandro na aye-aye wanatunzwa Jersey mpaka leo.