Ralph Tyler: Kijana wa miaka 27 aliyewafanya maprofesa wapange kozi zao upya

Mwaka 1929, Chuo Kikuu cha Ohio State mjini Columbus, Marekani, kilikuwa na shida kubwa. Vijana walikuwa wanaingia kwa wingi mwaka wa kwanza, lakini ukifika mwaka wa pili wengi wao hawaonekani tena. Kwa lugha ya wanavyuo wa Tanzania, walikuwa wanadisko.

Ilikuwa rahisi kusema vijana hao ni wavivu au vichwa vyao ni vizito. Ralph Tyler hakuanzia hapo. Alienda kwa maprofesa, akaziangalia kozi zao na mitihani yao.

Wakati huo alikuwa na miaka 27 tu.

Mtoto wa mchungaji

Ralph Winfred Tyler alizaliwa Aprili 22, 1902 mjini Chicago, mtoto wa sita kati ya wanane. Baba yake alikuwa daktari aliyeacha udaktari na kuwa mchungaji. Familia ikahamia Nebraska, jimbo la wakulima, na pesa haikuwa nyingi. Ralph alipofika miaka 12 alikuwa ameshaanza kibarua kwenye kiwanda cha maziwa.

Alisoma Chuo cha Doane huku akifanya kazi ya telegrafu kwenye reli, akahitimu mwaka 1921. Ndoto yake ilikuwa kwenda Rhodesia kama mmisionari, lakini hakuwa amesomea kazi ya kanisa. Akapata nafasi ya kufundisha sayansi sekondari huko Pierre, South Dakota. Ualimu ukamnasa, na hakutoka tena.

Mwaka 1927 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka miwili baadaye W. W. Charters, aliyekuwa mwalimu wake Chicago, akamwita Ohio. Sehemu ya kazi yake mpya ilikuwa kuwasaidia wahadhiri kuboresha ufundishaji.

Swali moja tu

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Profesa amefundisha botania miaka na miaka, halafu anakuja kijana wa fani ya elimu kukagua kozi yake. Angekuja na mahubiri, milango ingefungwa.

Tyler alikuja na swali. Mwanafunzi akimaliza kozi hii, awe anaweza kufanya nini ambacho alipoingia alikuwa hawezi?

Mwanzoni swali kama hilo hujibiwa kwa orodha ya mada. Lakini mada ni kile anachofanya mwalimu. Tyler alitaka kujua mwanafunzi atafanya nini. Walimu wa baiolojia walipokaa chini na kufikiri, wakasema wanataka vijana wajue kutumia hadubini, wasome matokeo ya jaribio na kutoa hitimisho, na watumie kanuni za sayansi kwenye jambo ambalo hawajawahi kuliona.

Malengo mazuri kabisa. Tatizo likaja kwenye mitihani. Mingi iliuliza majina, istilahi na mambo ya kukumbuka tu.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Mwanafunzi hafuati lengo lililoandikwa kwenye mtaala, anafuata mtihani. Mtihani ukitaka kumeza, atameza. Siku ya mtihani atatapika, na baada ya hapo hana kitu.

Wanachosahau, wanachobaki nacho

Kulikuwa na hoja ya kujitetea: anayekumbuka vizuri ndiye huyo huyo anayefikiri vizuri, kwa hiyo kupima kumbukumbu kunatosha. Tyler hakubishana kwa maneno. Alikaa na wahadhiri, wakatunga maswali ya aina nyingine. Mwanafunzi anapewa matokeo ya jaribio jipya, anaambiwa ayaelezee.

Ikaonekana kukumbuka na kutumia ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa moto kwenye kimoja, kwenye kingine akakwama.

Kisha wanafunzi walipimwa tena muda mrefu baada ya kozi kuisha. Majina na istilahi nyingi zilikuwa zimeyeyuka. Uwezo wa kutumia kanuni ulikuwa bado upo.

Maana yake ilikuwa nzito. Kozi zilikuwa zinatumia muda mwingi kwenye kile kinachopotea haraka, na wanafunzi walikuwa wanafelishwa kwa kile kile. Sasa mhadhiri alikuwa na sababu ya kuipanga kozi yake upya, na ushahidi ulitoka kwenye darasa lake mwenyewe.

Shule 30 na warsha za kiangazi

Kazi ya Ohio ilimfungulia mlango mkubwa zaidi. Kati ya 1933 na 1941, shule za sekondari zipatazo 30 za Marekani ziliruhusiwa kubuni masomo yao bila kufungwa na masharti ya kawaida ya kuingia vyuoni. Utafiti huo unajulikana kama Utafiti wa Miaka Minane, na Tyler alipewa jukumu la kupima matokeo.

Walimu walihitaji msaada, maana kupanga somo upya peke yako ni kazi. Kiangazi cha 1936 ikafanyika warsha Ohio State. Badala ya kukaa kusikiliza mihadhara, kila mwalimu alikuja na tatizo la darasani kwake na kulifanyia kazi pamoja na wenzake. Mtindo huo ukasambaa.

Matokeo yalipotoka, wanafunzi 1,475 wa shule hizo walilinganishwa mmoja mmoja na wenzao wa shule za kawaida wakiwa vyuoni. Hawakuachwa nyuma. Kwenye mambo kadhaa walikuwa mbele kidogo.

Kijitabu cha maswali manne

Mwaka 1938 Tyler alirudi Chuo Kikuu cha Chicago, akawa mkuu wa idara ya elimu na pia mtahini wa chuo. Mmoja wa vijana waliofanya kazi chini yake alikuwa Benjamin Bloom. Kitabu cha Bloom na wenzake cha 1956, kile cha ngazi za malengo ya kujifunza ambacho walimu wengi wanakifahamu, kilitabarukiwa kwa Tyler.

Mwaka 1949 Tyler alichapisha kijitabu chembamba kilichotokana na kozi aliyokuwa anafundisha. Kina maswali manne. Lengo la elimu hii ni nini? Mwanafunzi apitie mambo gani ili alifikie? Mambo hayo yapangwe vipi? Tutajuaje kama lengo limefikiwa? Mpaka leo anayesomea mitaala, awe Nairobi au Dar es Salaam, ni vigumu kumaliza bila kukutana na jina lake.

Hakukosa wapinzani. Wapo waliosema mpangilio wake umenyooka mno, kama vile elimu ni kiwanda na mwanafunzi ni bidhaa. Tyler mwenyewe, miaka ya baadaye, alikiri kwamba angepaswa kutilia mkazo zaidi nafasi ya mwanafunzi na yale anayojifunza nje ya darasa.

Baadaye aliongoza kituo cha watafiti wa sayansi za jamii huko Stanford, California, mpaka 1967. Alisaidia pia kuanzisha upimaji wa elimu wa taifa la Marekani, ambao ulianza rasmi mwaka 1969. Alifariki Februari 18, 1994 mjini San Diego, akiwa na miaka 91.

Kilichobaki cha Tyler ni kigumu kwa mhadhiri yeyote kukimeza. Kwa mpango wake, swali la nne linarudi kwenye lile la kwanza. Darasa likifeli kwa wingi, karatasi za majibu hazimpimi mwanafunzi peke yake. Zinampima pia aliyepanga kozi, na zinamwambia ni wapi pa kuanzia kurekebisha.