Bwana wa Kilimambogo

Ukitoka Kangundo ukapita Tala, mlima unaoukabili ni Kilimambogo, ambao Wamasai wauita Ol Donyo Sabuk. Ubavuni mwake amezikwa William Northrup McMillan. Sisi watu wa pwani jina hili twalijua kwa maktaba ya Nairobi tu. Mimi leo nataka kumtaja yule mwindaji.

Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa St. Louis, Marekani. Babake alitajirika kwa kuunda mabehewa ya reli. Mtoto akaja huku mwanzoni mwa karne ya 20, akamiliki maelfu ya ekari, Juja na mlimani. Alikuwa pande la mtu, mnene kupita kiasi, na mkarimu kwa wageni.

Mgeni wake mashuhuri alikuwa Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, urais umemtoka majuma machache tu. Yeye na mwanawe Kermit waliua katika safari ile wanyama 512, swala na kongoni wakiwamo, ngozi zikatiwa chumvi zipelekwe makumbusho ya Washington. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Waswahili. Katika misafara ya namna ile, Mwislamu alikuwa akimkimbilia mnyama aliyeanguka apate kumchinja kabla roho haijatoka, ama sivyo nyama haili.

Uwindaji dini yetu haikuukataza. Sura ya Maida yawataja hata mbwa waliofunzwa kuwinda. Lakini kuua kwa mchezo, pembe zipate kutundikwa ukutani, hilo ni jambo jingine, na kwangu mimi halina utetezi. Tena tazama ajabu: Mkamba, mwindaji tangu jadi kwa upinde na mshale wa sumu, sheria ya Waingereza ilimwita jangili akimpiga paa wa kitoweo. Bwana mwenye fedha za kulipia leseni aliitwa mwanaspoti!

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka McMillan alipigana upande wa Waingereza, wakamtunuku cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1925, naye alikuwa ametaka azikwe kileleni Kilimambogo. Yasemekana gari lililochukua jeneza lilishindwa na mwinuko, ikabidi kaburi lichimbwe njiani.

Mkewe, Lady Lucie, ndiye aliyejenga maktaba kwa ukumbusho wake. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Bibi huyo alifariki mwaka 1957, akalazwa kando ya mumewe.

Mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na miaka kumi baadaye serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama nchi nzima, mwenye leseni na asiye nayo. Mbogo, mbawala na paa wangaliko msituni humo. Nyani nao hushuka mashambani kula mahindi, na mwenye shamba huwafukuza kwa kelele na mawe.