Andrew Foster, mtoto wa mchimba makaa aliyewafungulia shule viziwi wa Afrika

LIKASI – Kwa wakazi wa mji wa shaba kama Likasi, maisha ya Andrew Foster yanaanzia mahali wanapopafahamu: nyumbani kwa mchimba madini. Alizaliwa Juni 27, 1925, katika jimbo la Alabama, Marekani, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Hadi anafariki mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule 32 za viziwi katika nchi 13 za Afrika, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ikiwa mojawapo.

Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 11, Foster na ndugu yake waliugua homa ya uti wa mgongo. Wote wawili walipona, lakini hawakusikia tena.

Sababu iko ndani kabisa ya sikio, kwenye koklea, mfereji mdogo uliojikunja kama gamba la konokono. Humo mna seli za kusikia zenye vinywele juu yake, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Sauti ikivitikisa vinywele hivyo, seli hupeleka taarifa kwenye ubongo. Homa ya uti wa mgongo inaweza kupenya hadi humo na kuziua.

Seli hizo hutengenezwa mara moja tu, mtoto akiwa bado tumboni. Mwanzoni seli zote za eneo hilo hufanana. Kisha jeni iitwayo Atoh1 huanza kufanya kazi katika baadhi yake, nazo huwa seli za kusikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba panya wasio na jeni hiyo hawapati seli hizo kabisa.

Seli iliyotangulia humpelekea jirani yake ujumbe kupitia protini iitwayo Notch, iliyo juu ya ngozi ya jirani huyo. Ujumbe huo huizima Atoh1 kwake, naye hugeuka kuwa seli saidizi, yenye kazi ya kuishikilia ile ya kusikia. Hivyo ndivyo safu hupangika kwa zamu, mithili ya ubao wa drafti. Mpango ukishakamilika, sikio la binadamu halirudii tena kazi hiyo. Seli zikifa, hakuna zinazochukua nafasi yake.

Foster aliishi na hasara hiyo, na ubaguzi ukaongezeka juu yake. Shule ya viziwi weusi wa Alabama ilikuwa ikiishia darasa la sita. Akiwa kijana alihamia kwa shangazi yake mjini Detroit, akafanya kazi mchana na kusoma usiku. Chuo cha Gallaudet mjini Washington kilimkataa mara kadhaa kabla ya kumpokea. Mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu hapo.

Mwaka 1956 alianzisha misheni ya Kikristo kwa ajili ya viziwi, na mwaka uliofuata akafika Accra, Ghana. Huko alikuta watoto wengi viziwi wamefichwa majumbani, wakihesabiwa kuwa hawafundishiki. Alifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini humo, kisha akaingia Nigeria mwaka 1960, na baadaye nchi nyingine.

Wakati huo shule nyingi duniani ziliwalazimisha viziwi kusoma midomo. Foster alifundisha kwa lugha ya ishara, na aliwaandaa viziwi wenyewe kuwa walimu. Lugha ya ishara inayotumika leo miongoni mwa viziwi wengi wa nchi zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwemo, ina mizizi katika kazi hiyo.

Alifariki Desemba 3, 1987, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda, karibu na Gisenyi, ng'ambo ya Goma. Alikuwa na miaka 62. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliichagua tarehe hiyo hiyo kuwa siku ya watu wenye ulemavu, ingawa si kwa sababu yake.

Mwaka 1988, tafiti mbili zilionyesha kwamba ndege, kama kuku, huotesha upya seli za kusikia zilizokufa. Tangu hapo wanasayansi wanatafuta namna ya kuziamsha seli saidizi za binadamu. Dawa ya kuizuia Notch imejaribiwa kwa watu barani Ulaya, lakini jaribio hilo halikufikia lengo lake kuu.

Kwa hiyo mtoto wa Likasi anayepona homa ya uti wa mgongo anahitaji kupimwa masikio mapema, kabla mzazi hajadhani kwamba ni mkaidi au mzito wa kuelewa. Na ikibainika kuwa hasikii, asingojee dawa ambayo bado haijapatikana. Aanze kufundishwa lugha ya ishara, na apelekwe shuleni kama wenzake.