King Camp Gillette: mtu aliyetajirika kwa wembe wa kutupa, lakini ndoto yake kubwa ilikuwa ingine

Asubuhi, mbele ya kioo kidogo cha ukutani, mwanaume anapaka povu la sabuni kwenye mashavu, anafungua karatasi ndogo na kutoa wembe mpya. Dakika chache tu, kazi imeisha. Miaka 120 na zaidi iliyopita haikuwa hivyo. Wembe ilikuwa mali ya kutunza, ya kunoa kila mara, na wakati mwingine mtoto aliurithi kutoka kwa baba yake. Mtu aliyebadilisha desturi hiyo ni Mmarekani mmoja aliyeitwa King Camp Gillette. Hilo King halikuwa cheo cha ufalme, ni jina alilopewa na wazazi wake.

Jina lake limezunguka dunia. Mu Brazil wembe wowote unaitwa gilete, na Uturuki wanasema jilet. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kukumbukwa ju ya wembe. Alitaka kumaliza umaskini duniani. Wembe ulifaulu, mpango wake wa kumaliza umaskini ulikwama.

Mtoto wa nyumba iliyoungua

Gillette alizaliwa tarehe 5 Januari 1855 katika mji wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Alikulia mu Chicago. Baba yake alipenda kutengeneza na kuvumbua vitu. Mama yake alikuwa mtu wa mapishi, na kitabu chake cha upishi kilichotoka 1887 kilinunuliwa na watu wengi kwa miaka mingi.

Mnamo Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago. Mali ya familia ikaenda na moto. King alikuwa na miaka 16, na ilibidi atafute kazi. Akawa muuzaji wa kusafiri: kupanda treni, kushuka mji huu na ule, kuingia duka kwa duka akionyesha bidhaa za mabwana wengine. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi. Mara kwa mara alivumbua kitu kidogo, lakini hakuna kilichomtoa kwenye kazi ya kuuza vya wengine.

Barabarani aliona mambo mengi. Aliona makampuni kumi yakitengeneza kitu kimoja, yakishindana, yakiangushana, na wafanyakazi wakibaki bila kazi. Moyoni akaamua kwamba ushindani njo mzizi wa umaskini. Mwaka wa 1894 akatoa kitabu kinachoitwa The Human Drift. Humo alipendekeza kampuni moja tu, mali ya raia wote, itengeneze kila kitu ambacho watu wanahitaji. Alipendekeza pia karibu Wamarekani wote wakae mu mji mmoja mkubwa sana, karibu na maporomoko ya maji ya Niagara, ili nguvu ya maji iwape umeme. Watu wachache walimfuata. Gillette akaendelea kuuza bidhaa.

Shauri la mtu wa vifuniko

Miaka hiyo alikuwa anauzia kampuni ya William Painter, mtu aliyevumbua kifuniko cha chuma cha chupa, kile chenye meno pembeni ambacho tunakijua mpaka leo kwenye chupa za bia na soda. Painter alimpa shauri moja: atafute kitu ambacho mtu anatumia kiisha anakitupa, ili arudi kununua kingine. Gillette alilibeba shauri hilo kichwani. Inasemekana alipitia majina ya vitu herufi kwa herufi, bila kupata.

Jibu lilikuja mwaka wa 1895, asubuhi moja nyumbani kwake Brookline, karibu na Boston. Alitaka kunyoa, akakuta wembe wake umekuwa butu kabisa. Mkanda wa ngozi haukusaidia tena. Ilibidi wembe upelekwe kwa kinyozi au fundi wa visu aunoe kwenye jiwe. Akasimama pale na wembe mkononi, akajiuliza: kwa nini kubeba kipande kikubwa cha chuma chote hiki, wakati kinachonyoa ni ukingo mwembamba tu? Ingetosha kuwa na kipande chembamba kama karatasi, chenye makali pande mbili, kikishikwa vizuri kati ya vibao viwili. Kikiisha makali, kinatupwa.

Alikwenda duka la vyuma mu Boston, akanunua vipande vya shaba, utepe wa chuma wa kutengenezea springi za saa, na tupa, akatengeneza mfano kwa mikono yake. Akamwandikia mke wake Atlanta, aliyekuwa safarini Ohio, kwamba utajiri umepatikana. Kumbe ilibaki miaka minane kabla ya kuuza hata mashine moja.

Nyembe zilizokuwepo mbele yake

Watu wengi wanasema Gillette njo alianzisha mashine salama ya kunyolea. Hapana. Mwaka wa 1880 ndugu wa familia ya Kampfe, mu New York, walipata hati ya uvumbuzi ya mashine iliyojulikana kama Star. Ilikuwa na mpini, na kizuizi mbele ya makali ili ngozi isikatwe vibaya. Wembe wake ulikuwa na makali upande mmoja tu. Ulifanana na kipande kifupi kilichokatwa kwenye wembe mrefu wa zamani: mnene mgongoni, mwembamba kwenye makali.

Wembe wa namna hiyo ulikuwa na faida ya kweli. Kwa sababu ya unene wake haukupinda wala kutetemeka ukikutana na ndevu ngumu. Ila ulidai kazi. Kila mara mwenyewe alipaswa kuusugua kwenye mkanda wa ngozi, na kisha siku kadhaa kuunoa kwenye jiwe. Asiyejua kunoa alilipa fundi.

Wembe wa Gillette ulikuwa kinyume chake: mwembamba, unapindika, hauna kunoa. Lakini wembamba huo njo uliomtesa. Alipouliza wajuzi wa chuma, hata wale wa chuo kikubwa cha teknolojia cha Massachusetts, walimwambia aache. Chuma chembamba hivyo kikipashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, kinajikunja au kinavunjika. Na bila kuwa kigumu hakishiki makali. Aliyefumbua fumbo hilo ni fundi William Nickerson, ambaye mwenyewe alisoma kwenye chuo hicho. Alitengeneza njia ya kukaza chuma kikibaki kimenyooka, na mashine za kukinoa. Kampuni ilianzishwa Septemba 1901, na mwaka uliofuata ikachukua jina la Gillette.

Mwaka wa 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka wa 1904 waliuza mashine zaidi ya 90,000. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Gillette akapata hati yake ya uvumbuzi.

Mnene au mwembamba?

Bei ya mashine ya Gillette ilikuwa dola 5, pesa nyingi kwa mfanyakazi wa wakati ule. Washindani hawakulala. Waliona kwamba wazo la kutupa linaweza kuunganishwa na wembe wa upande mmoja. Mashine ya Ever-Ready iliuzwa kwa dola 1, pamoja na nyembe 12 za kutupa. Gem nayo ilifuata njia hiyo. Mnyoaji akawa na chaguo, na chaguo hilo liko mpaka leo.

Wembe wa aina ya Gem una makali upande mmoja, na mgongoni umekunjiwa utepe wa chuma wa kuukaza. Unene wake ni karibu milimita 0.23. Wembe wa kwanza wa Gillette ulikuwa karibu milimita 0.15, na wa leo wa pande mbili ni karibu milimita 0.10. Ule mnene unasimama wenyewe. Ule mwembamba unapata ugumu wake kwa kubanwa na kupindwa ndani ya mashine. Njo maana mashine ikilegea, wembe mwembamba unatetemeka, na ngozi inatoka damu.

Kwa ndevu nyingi na ngumu, wembe mnene unapita bila kuyumba, ila mkono uwe mwepesi na kichwa cha mashine kilale karibu na ngozi. Wembe mwembamba unasamehe zaidi mkono usiozoea, na mtu akimaliza upande mmoja anageuza wa pili. Chuma nacho kina neno lake. Nyembe za zamani zilikuwa za chuma cha kawaida: makali mazuri sana, lakini ukiziacha na maji zinashika kutu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 zilienea zile za chuma kisichoshika kutu, zenye kupakwa utando unaolainisha. Kwa aina zote mbili ziko pia nyembe za kazi, za kukwangua rangi na gundi kwenye vioo. Zinafanana sana na zile za ndevu, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya uso.

Kwa hiyo Gillette hakushinda ju wembe wake ulinyoa kuliko mingine yote. Alishinda ju alimwondolea mtu kazi ya kunoa, kiisha akatangaza sana. Sura yake yenye masharubu, pamoja na sahihi yake, viliwekwa kwenye karatasi ya kila wembe. Halafu vita ikaja. Mwaka wa 1918 serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe milioni 36 kwa ajili ya wanajeshi wake. Mu mahandaki, ndevu zilizuia kinyago cha gesi kushika uso. Vijana waliporudi nyumbani, walirudi na mazoea ya kujinyoa wenyewe.

Tajiri aliyechukia ushindani

Mtu angedhani utajiri ulimbadilisha mawazo. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1910 alitangaza mpango wa kampuni moja ya dunia nzima, yenye makao Arizona, akamwomba Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aiongoze. Alikuwa tayari kumlipa dola milioni moja. Roosevelt alikataa. Mwaka wa 1924 Gillette akatoa kitabu kingine juu ya jambo lile lile, akisaidiwa na mwandishi Upton Sinclair.

Wakati huo huo kampuni yake iliishi kwa ushindani ule ule aliouhukumu. Ilipeleka wavunja hati yake mahakamani. Ndani kwa ndani, Gillette aligombana na John Joyce, mwenye mtaji aliyeiokoa kampuni mwanzoni. Mwishowe Gillette aliuza sehemu kubwa ya hisa zake, akahamia California. Cheo cha rais wa kampuni alibaki nacho kwa miaka mingi, ila maamuzi yalikuwa mikononi mwa wengine.

Pigo la mwisho lilitoka kwa mtu wa wembe wa upande mmoja. Henry Gaisman alikuwa na kampuni ya AutoStrop. Mashine yake ilitumia wembe wa makali moja, ambao ulinolewa kwa kupitisha mkanda ndani ya mashine yenyewe. Baadaye akaingia pia kwenye nyembe za pande mbili, wakashindana na Gillette hadi mahakamani. Mwaka wa 1930 kampuni mbili ziliunganishwa. Vitabu vya hesabu vilipofunguliwa, ikaonekana faida ya Gillette ilikuwa imeandikwa kubwa kuliko ilivyokuwa kweli. Watu wa Gaisman wakashika usukani. Mwaka uliofuata mzee akaacha cheo chake.

Kuanguka kwa uchumi kulikoanza 1929 kulikuwa kumekwisha kula mali yake. King Camp Gillette alifariki Los Angeles tarehe 9 Julai 1932, akiwa na miaka 77, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imekwenda.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Mji wake wa Niagara haukujengwa hata nyumba moja. Wembe wake uko kila pahali. Mu saluni nyingi kinyozi anauvunja katikati ungali ndani ya karatasi, kiisha anafunga nusu kwenye mpini wake. Kwa namna hiyo wembe wa pande mbili umerudi kuwa wembe wa upande mmoja, kama ule wa ndugu Kampfe.

Kuna jambo moja hapo la kuangalia. Zamani wembe ulinolewa na kupita kwa watu wengi, kwa sababu ulikuwa ghali. Wembe wa kutupa uliondoa sababu hiyo. Ukitoka kichwa hiki ukaingia kichwa kingine, unaweza kubeba damu ambayo macho hayaioni, na ndani yake virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B; hivi vya homa ya ini vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7. Mteja anaweza kumwomba kinyozi afungue wembe mpya mbele ya macho yake, au aje na wake mfukoni. Si dharau kwa kinyozi. Wembe huo ulitengenezwa kwa bei ndogo ili kila mtu awe na wake, na ukiisha kazi utupwe mahali ambapo watoto hawatafika.